Kumfundisha mtoto kuogelea kwa viwango: mwongozo kamili kwa mwalimu na mzazi

Niliwahi kuandika "amefaulu" mbele ya jina la mvulana wa miaka tisa. Alikuwa ameogelea mita 25 kwa mtindo huru, miguu imenyooka, uso ndani ya maji, akivuta pumzi kila baada ya mikono mitatu. Wiki iliyofuata, akiwa ameshavaa suruali na fulana akisubiri kurudi nyumbani, aliteleza akatumbukia pembeni mwa bwawa. Ukuta ulikuwa nyuma yake, umbali wa hatua moja. Hakuugeukia. Alikodolea macho upande wa mbele, kule ambako siku zote tulikuwa tukimwelekeza aogelee, mdomo ukizama na kuibuka, mikono imetanuka pembeni kama anayekandamiza meza. Hakutoa sauti yoyote. Nilimfikia, nikamtoa, akakohoa, akalia. Lile neno "amefaulu" nilikuwa nimeliandika mimi, na halikuwa kweli.

Mita 25 alikuwa nazo. Alichokosa ni kugeuka, na hakuna aliyewahi kumfundisha kugeuka, mimi nikiwa wa kwanza. Tangu siku ile sifundishi mtindo wowote kabla mtoto hajaweza kuanguka majini, kurudi juu, kugeuka, kutulia, kufika ukingoni na kutoka. Mwongozo huu umeandikwa kwa msingi huo. Ni kwa mwalimu anayefundisha watoto, kwa mzazi anayetaka kujua mwanawe anafundishwa nini, na kwa shule au klabu inayotaka kuandika ngazi zake za kupima.

Viwango vya mataifa vinapima nini hasa

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Shirika hilo linapendekeza watoto wa kuanzia miaka 6 wafundishwe stadi za msingi za kuogelea na usalama majini. Kwa walio chini ya hapo, linasisitiza zaidi uangalizi wa mtu mzima mahali salama mbali na maji, pamoja na uzio unaozuia mtoto kuyafikia. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema masomo yanaweza kumsaidia mtoto hata kuanzia mwaka mmoja, lakini hawasemi kamwe kwamba masomo hayo yanachukua nafasi ya jicho la mzazi. Mimi huwapokea wadogo wakija na mzazi ndani ya maji, na humwambia mzazi huyo waziwazi kwamba mtoto wa miaka mitatu hana kiwango chochote cha kuogelea kinachomruhusu kuachwa peke yake.

Sasa angalia nchi mbalimbali zinavyopima. Katika programu ya Swim to Survive ya Kanada, mtoto anajibiringisha na kuangukia maji ya kina, anakaa juu ya maji kwa dakika 1, kisha anaogelea mita 50. Msalaba Mwekundu wa Marekani unamtaka aingie kwenye maji yanayompita kimo, arudi juu na kukaa hapo dakika 1, azunguke duara zima akitafuta pa kutokea, aogelee yadi 25, yaani karibu mita 23, kisha atoke, na kama ni bwawani atoke bila kutumia ngazi. Uholanzi ina diploma A, B na C, zote zina sehemu ya kuogelea na nguo, na mtoto anapita chini ya maji kwenye tundu la turubai lililoning'inizwa. Norwei iliandika kwenye mtaala wake wa mwaka 2015 kwamba mtoto aanguke kwenye maji ya kina, aogelee mita 100 kifudifudi, njiani azamie kuokota kitu, apumzike dakika 3 akielea kifudifudi na chali, kisha aogelee mita 100 kwa mgongo na kutoka majini. Mtaala wa Uingereza kwa shule za msingi unataka angalau mita 25, mitindo kadhaa, na kujiokoa katika mazingira tofauti. Australia inalenga kwamba mtoto wa miaka 12 aweze mita 50 na kukaa juu ya maji dakika 2.

Ujerumani ina somo ambalo kila mwalimu angefaa kulitafakari. Beji ya kwanza ya watoto, Seepferdchen, inahitaji mita 25. Lakini chama cha waokoaji cha nchi hiyo, DLRG, kinasema wazi kwamba mwenye beji hiyo bado hajawa mwogeleaji salama. Usalama wanaanza kuuhesabu kwenye beji ya shaba, ambako mtoto anaogelea dakika 15 na kutimiza mita 200 au zaidi. Wazazi wengi wakiona beji ya kwanza hulegeza macho, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Usidhani pia kwamba haya ni mambo ya mabwawa ya vigae tu. Bangladesh, kupitia programu ya SwimSafe, watoto wamefundishwa katika mabwawa ya vijijini yaliyojengewa majukwaa ya mianzi ndani ya maji ili kina kiwe kinajulikana. Kipimo chao ni kuogelea mita 25 na kuelea sekunde 30.

Tarakimu zinatofautiana kwa sababu umri, maji na uwezo wa kufundisha vinatofautiana. Ukizisoma pamoja, unaona mnyororo mmoja unaojirudia: kuingia, kurudi juu, kukaa juu, kugeuka, kusogea, kutoka. Mita ni pete moja tu kati ya sita za mnyororo huo.

Hatua ya 1: Andika kipimo kabla ya kulowana

Kama nchi yako ina kiwango rasmi, kichukue kama kilivyo. Kama haina, andika chako kwa kufuata mnyororo ule, na uandike kwa vitenzi unavyoweza kuviona kwa macho. "Anajiamini majini" si kipimo. "Anaelea chali sekunde 30 bila kushikwa, masikio yakiwa ndani ya maji" ni kipimo, kwa sababu walimu wawili wakimtazama mtoto yuleyule watakubaliana.

Kwa kila stadi mimi hutumia alama nne: bado, anaweza akishikwa, anaweza peke yake, na anaweza peke yake katika siku mbili tofauti. Alama ya nne ndiyo pekee inayohesabika kuwa amefaulu. Mtoto anaweza kubahatisha mara moja.

Kabla ya somo la kwanza mwulize mzazi kuhusu afya ya mtoto, na swali la kifafa usiliruke. Mtoto mwenye kifafa anaweza kujifunza kuogelea, lakini awe na mtu mzima wake peke yake, aliye karibu kiasi cha kumgusa, muda wote awapo majini. Mtoto mwenye ulemavu naye anapimwa kwa mnyororo uleule, ila njia yake ya kuelea au kutoka inaweza kuwa ya kwake. Nimeona mtoto asiyetumia miguu akielea chali kwa utulivu kuliko darasa zima.

Hatua ya 2: Panga mahali na watu

Kina kijulikane kwa kupimwa, si kwa kukadiriwa. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Chukua upondo, pima kila kona, weka kamba au maboya pale maji yanapoanza kumpita kifuani mtoto mfupi kuliko wote. Kama huioni sakafu ya bwawa kwa sababu maji yamechafuka, hakuna somo siku hiyo. Mtoto aliyezama kwenye maji ya kijani hatafutwi kwa macho, anapapaswa.

Kwa wanaoanza, mimi sichukui zaidi ya watoto sita kwa mwalimu mmoja, na walio chini ya miaka sita huwa wachache zaidi. Halafu awepo mtu wa pili juu ya ukingo ambaye hafundishi kabisa. Kazi yake ni kutazama. Hashiki simu, hapigi soga na wazazi, hakusanyi vifaa. Mwalimu akimshika mtoto mmoja anawapa mgongo wengine, hata awe hodari namna gani.

Hesabu vichwa wanapoingia, kila baada ya dakika chache, na wanapotoka. Filimbi moja ndefu iwe na maana moja tu: kila mtu ashike ukingo sasa hivi. Ifanyieni mazoezi somo la kwanza mpaka ifanyike bila maswali.

Maji yawe na joto, hasa kwa wadogo. Nyuzi 30 hivi zinawafaa. Kama huwezi kuyapasha, fupisha somo. Midomo ikianza kubadilika rangi na taya kutetemeka, mtoto huyo hajifunzi tena, anavumilia tu. Mtoe, mfunike taulo.

Kuhusu maboya ya kujaza upepo yanayovaliwa mikononi, siyatumii. Yanamweka mtoto wima, kichwa juu na miguu chini, na huo ndio mkao wa mtu anayezama. Pia yanamfanya aamini kwamba anaweza kuruka popote. Ubao wa kuelea, au boya jembamba refu la sponji linalopita chini ya makwapa, vinatosha, na vyote viwekwe pembeni mapema.

Hatua ya 3: Kutoka ndiko kunakofundishwa kwanza

Siku ya kwanza, kabla ya kitu kingine, mtoto ajifunze kutoka majini bila ngazi. Anashika ukingo kwa viganja vyote viwili, anaweka viwiko juu, kiwiko kimoja kisha cha pili, anasukuma tumbo lilale ukingoni, anapandisha goti moja, halafu la pili. Viwiko, tumbo, goti, goti. Watoto huyaimba maneno hayo, na waache wayaimbe.

Mtoto akiwa mzito au ukingo ukiwa juu, mfundishe kutembea kwa mikono akishika ukingo, mkono baada ya mkono, hadi afike kwenye ngazi au maji mafupi. Hili linachosha kuliko linavyoonekana. Mpe bwawa zima alizunguke namna hiyo.

Ninaanza na kutoka kwa sababu mtoto anayejua njia ya kutoka huogopa kidogo, na asiyeogopa hushika haraka mengine yote.

Hatua ya 4: Pumzi

Mtoto akiingiza uso majini huziba pumzi, kisha anaibuka na kujaribu kutoa na kuvuta hewa kwa wakati mmoja. Ndipo anapokunywa maji. Mfundishe kutoa hewa akiwa ndani. Njia rahisi niijuayo ni kuguna: mdomo umefungwa, "mmmm" ndefu, hewa inatoka puani, na maji hayawezi kuingia pua inayotoa hewa. Aanze kwa kidevu, kisha mdomo, pua, macho, na mwisho kichwa chote. Akiibuka, asifute uso kwa mikono. Apepese macho tu, kwa maana akianguka kweli mikono yake itahitajika kwa kazi nyingine.

Usimlazimishe, usimtumbukize, usimwachie ghafla ukisema "ona, umeweza". Wapo watu wazima wengi wasiojua kuogelea hadi leo kwa sababu kuna siku mtu fulani aliwatupa majini ili wazoee. Hofu ile haikuwafundisha kuogelea, iliwafundisha kutomwamini mwalimu.

Onyo moja kwa wakubwa kidogo: yapige marufuku mashindano ya kukaa chini ya maji. Watoto hujifunza wenyewe kwamba wakihema haraka mara nyingi kabla ya kuzamia wanakaa muda mrefu. Kuhema huko kunapunguza kaboni dayoksaidi mwilini, gesi ambayo ndiyo inayomkumbusha mtu kuvuta pumzi. Kumbukumbu hiyo ikichelewa, mtoto anazimia chini ya maji kimyakimya, na wenzake wanadhani anashinda.

Hatua ya 5: Kuelea chali, na kusimama tena

Hapa tumia muda. Kama nina masomo kumi tu na kundi la watoto, matatu naweza kuyamaliza hapa bila kujuta.

Kuelea ni kazi ya kichwa. Mapafu yenye hewa yanabeba kifua, lakini kichwa kikiinuka kutafuta kuona vidole vya miguu, kiuno kinazama na mwili wote unafuata. Simama nyuma ya mtoto, weka vidole viwili tu chini ya kisogo chake. Usimbebe mgongoni, ukimbeba, anajifunza kulala juu ya mkono wako. Mwambie aangalie juu moja kwa moja, kidevu kikielekea juu kidogo, tumbo aliinue kama anataka kitovu kiguse hewa, mikono aitanue.

Kinachowashtua wengi ni masikio. Maji yakiingia masikioni sauti zote zinabadilika, mtoto anashtuka, anainua kichwa, anazama. Mwambie mapema: "Utasikia kama umeingiza kichwa ndani ya chungu. Sauti yangu itakuwa mbali, lakini nipo hapa." Kisha kaa kimya. Hesabu polepole kwa kugonga kisogo chake kwa kidole: moja, mbili, tatu. Ikifika siku unagundua kwamba vidole vyako havigusi tena chochote na yeye bado anatazama juu, usipige kelele za furaha. Hesabu tu mpaka mwisho.

Miguu ya baadhi ya watoto, hasa wembamba na wenye misuli, itazama hata wakifanya yote sawasawa. Si kosa. Kinachopimwa ni mdomo kuwa juu ya maji na pumzi kuendelea. Waongezee kupunga viganja taratibu pembeni mwa mapaja.

Halafu kusimama. Hili husahauliwa, na watoto huzama kwenye maji yanayowafika kiunoni kwa sababu hawajui kutoka kwenye kulala kwenda kwenye kusimama. Akiwa chali: avute magoti kifuani kama anayeketi, asukume maji kwa viganja kuelekea mbele, kichwa kije mbele, kisha miguu ishuke. Akiwa kifudifudi: magoti kifuani, viganja vikandamize maji chini, kichwa juu, miguu chini. Afanye mara nyingi mpaka asifikirie.

Hatua ya 6: Kugeuka

Kugeuka kupo kwa namna mbili. Ya kwanza ni kujipindua kutoka kifudifudi hadi chali. Kichwa kinaanza, bega linafuata, nyonga inamalizia. Mtoto anayechoka au kupaliwa akijua kujipindua chali, amepata mahali pa kupumzikia katikati ya maji.

Ya pili ni ile iliyomkosa mvulana wangu: kugeukia ulikotoka. Mtoto anasimama ukingoni akitazama bwawa, anaruka kwa miguu, anazama, anaibuka, anageuka nusu duara, anashika ukingo uleule aliouruka, anatoka. Fanya hivi kila somo, mara tano au zaidi, hata na wale wanaojua kuogelea. Badilisha: aanguke kwa ubavu, aanguke kinyumenyume akiwa ameketi, aanguke amefumba macho. Ajali za watoto nyingi hutokea karibu kabisa na ukingo au ukingo wa mto, na msaada uliopo karibu mara nyingi uko mgongoni kwake.

Hatua ya 7: Kusogea

Anza na mgongo. Akiwa chali pumzi iko huru, na miguu inajifunza kazi yake bila hofu. Mapigo yatoke nyongani, magoti yasitokeze juu ya maji, vidole vilegee. Mikono ipunge tu pembeni mwanzoni.

Kisha kifudifudi: asukume ukuta kwa miguu, anyooke kama mshale, aguse mwenzake au mwalimu aliye mita tatu mbele. Ongeza mapigo ya miguu, ongeza mikono, na pumzi ije kwa kujipindua anakokwisha kukujua. Mitindo yenyewe, huru, wa kifua, wa mgongo, ina walimu wake na uzuri wake, na mtoto akiipenda mpe yote. Kwa kiwango cha usalama, hata mtindo usio na jina unakubalika ukimfikisha.

Hatua ya 8: Maji yanayompita kimo

Asiende huko mpaka ameshafaulu kuelea, kusimama, kugeuka na kutoka. Mwalimu awe ndani ya maji, karibu ya kumgusa, na ukingo uwe karibu.

Kukanyaga maji ni stadi ya kukaa wima kichwa kikiwa juu. Viganja vinatembea nje na ndani chini kidogo ya uso wa maji, kama anayesawazisha mchanga. Miguu izunguke kama anayeendesha baiskeli, au ipige kama chura. Taratibu. Anayekimbia hachelewi kuchoka. Anza na sekunde 10, panda hadi dakika 1, kisha 2. Akichoka asipigane, ajipindue chali aelee. Kubadilishana huku, kukanyaga kidogo na kuelea kidogo, ndiko kunakomweka mtu hai hadi msaada ufike.

Kuingia kwa kichwa ni kwa maji yaliyopimwa tu na chini ya mwalimu. Kwingine kote, miguu kwanza. Shingo iliyovunjika kwenye maji mafupi inaweza kumpooza mtu maisha yake yote.

Hatua ya 9: Nguo

Watoto wengi waangukao majini kwa ajali huwa wamevaa. Chagua siku moja kila muhula, nguo safi, kwanza nyepesi kisha suruali na shati la mikono mirefu, mwisho viatu. Ajue mwenyewe jinsi kitambaa kinavyomvuta mwendo, jinsi hewa iliyonaswa kwenye shati inavyomsaidia mwanzoni, na jinsi anavyokuwa mzito ghafla pale anapojaribu kutoka. Mvulana wangu alirudia mnyororo mzima akiwa na suruali ileile. Mara ya kwanza alikwama kwenye goti la pili. Tulirudi kwenye viwiko na tumbo, somo zima.

Hatua ya 10: Maji yasiyo na kuta

Bwawa lina sakafu, ukingo na mwisho. Mto, ziwa na bahari havina, na mtoto aliyefundishwa bwawani tu anapaswa kuambiwa hivyo.

Maji ya baridi yakimshtua, mwili unavuta pumzi kwa nguvu bila hiari na moyo unaenda mbio. Mshtuko huo hupungua ndani ya dakika moja au mbili. Katika muda huo asijaribu kuogelea. Aelee chali, ashike chochote kinachoelea, pumzi ikirudi ndipo afikirie njia. Mkondo wa baharini unaomvuta kutoka pwani haumvuti chini, unampeleka nje. Akishindana nao uso kwa uso atachoka. Aelee, ainue mkono na kuita, au aogelee sambamba na ufuo mpaka atoke kwenye mkondo, ndipo arudi. Mtoni, akichukuliwa na maji yaendayo kasi, alale chali miguu ikitangulia, ili mwamba ukutane na nyayo na si kichwa.

Jaketi okozi lijaribiwe majini, si dukani tu. Mvalishe, funga kila mkanda, kisha shika mabega ya jaketi uinue. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa au limelegea. Kwa wadogo, mkanda unaopita katikati ya miguu ni wa lazima. Na katika chombo cha majini linavaliwa, haliketiwi.

Hatua ya 11: Kumsaidia mwenzake bila kumfuata

Watoto hufa wawili au watatu mahali pamoja kwa sababu mmoja alizama na wengine wakamrukia. Wafundishe maneno matatu: ita, nyoosha, rusha. Ita mtu mzima kwa sauti. Lala kifudifudi ukingoni, unyooshe fimbo, taulo, tawi. Rusha kinachoelea: boya, mpira, dumu tupu lililofungwa kifuniko. Usiingie. Fanyeni igizo, mtoto mmoja akiwa anazama, na mwenzake arushe dumu mpaka lifike mbele yake. Dumu tupu kabisa hupeperuka; tia maji kidogo ndani lipate uzito wa kurushika.

Watoto na wazazi wajue pia kuzama kunavyoonekana. Methali inasema mfamaji haachi kutapatapa, nasi tumeichukua kwamba tutaona maji yakiruka na kusikia kelele. Mtoto hapati hewa ya kupiga kelele. Anakuwa wima, kichwa kimelala nyuma au mdomo uko usawa wa maji, macho yametanda bila kuangalia kitu, mikono inasukuma chini, na ndani ya dakika moja anaweza kutoweka. Ukimwona mtoto aliyekuwa akipiga soga amekuwa kimya, mwite jina. Asipojibu, nenda.

Hatua ya 12: Mtihani

Usimwambie siku. Ondoa miwani ya kuogelea, mpeleke upande wa bwawa asiouzoea, umvalishe nguo. Aanguke kwa ubavu kwenye maji yanayompita, aibuke, azunguke duara zima na kukuonyesha kwa kidole atatokea wapi, akae juu ya maji dakika 1, nusu akikanyaga na nusu akielea chali, aogelee mita 25 au zaidi kulingana na kiwango chako, ajipindue chali angalau mara moja njiani, atoke bila ngazi. Rudia siku nyingine. Rudia tena baada ya miezi mitatu, kwa sababu watoto hukua, uzito na kimo hubadilika, na stadi isiyofanyiwa mazoezi hufifia.

Kwenye karatasi anayopelekewa mzazi andika alichofanya na mahali alipokifanyia: "Bwawani, maji tulivu, mwalimu akiwepo." Sentensi hiyo imeshawahi kumfanya mzazi aniulize, "Kwa hiyo ziwani bado?" Bado, nikamjibu, na akamnunulia jaketi.

Kabla hujafundisha mtu yeyote: ujue kuamsha

Mtoto akitolewa majini hajitambui na hapumui, usimning'inize miguu juu, usimkandamize tumbo kutoa maji. Unapoteza muda na unaweza kuyapandisha matapishi yakaingia mapafuni. Mlaze chali mahali pagumu, mtu mwingine apige simu ya dharura papo hapo. Inua kidevu, fungua njia ya hewa, mpe pumzi kwanza, kwa kuwa tatizo lake la kwanza ni hewa: miongozo ya Ulaya inaanza na pumzi 5, ya Marekani na 2. Asipoonyesha dalili ya uhai, kandamiza katikati ya kifua kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha theluthi moja ya unene wa kifua, mikandamizo 30 kisha pumzi 2, bila kuacha hadi aamke au wataalamu wafike. Jifunze hili kwa mikono yako, kwenye mwanasesere wa mafunzo, na ulirudie kila mwaka.

Akianza kupumua, mgeuze alale ubavu, mfunike, usimwache. Apelekwe hospitali siku ileile, hata kama ameketi, anaongea na anaomba kurudi nyumbani.